Mama alimeza dawa ya wiki kila siku. Ametoka wodini, sasa tufanye nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 62 na ana baridi yabisi ya muda mrefu. Kliniki walimwandikia methotreksati, vidonge sita vya miligramu 2.5 mara moja kwa wiki. Kwenye kibahasha cha dawa wakaandika "6 x 1", sisi tukaelewa sita kila siku. Mimi ndiye niliyekuwa namhesabia kila asubuhi. Siku ya tisa mdomo ulikuwa vidonda vitupu, hata mate hayapiti. Alilazwa siku 12. Seli nyeupe zilishuka hadi 0.9 na chembe sahani (zile za kugandisha damu) 27. Alichomwa sindano za folini, za antibayotiki na za kupandisha seli nyeupe, ya mwisho Ijumaa. Jumamosi akaruhusiwa, tumepewa tarehe ya kurudi baada ya mwezi mmoja. Cheti kinasema seli nyeupe 3.8, chembe sahani 96, Hb (wingi wa damu) 8.3, kreatinini (kipimo cha figo) 124. Je, sumu imeisha? Tumpe maziwa au kitu cha kusafisha damu? Vidole vimeanza kuvimba tena, anaweza kumeza diklofenaki? Dawa hii ataitumia tena? Na wifi yangu tunayekaa naye ni mjamzito, kuna hatari kwake?

JIBU: Marahaba, dada, na pole sana kwa kuuguza. Maswali yako ni mengi lakini nitaanza na lile ambalo hukuliuliza, maana ndilo linalonisumbua kuliko yote: hiyo tarehe ya mwezi mmoja. Ni mbali mno. Mama anatakiwa kupimwa damu wiki hii hii, Jumanne au Jumatano, wala usingojee aonekane mgonjwa.

Sababu iko kwenye sindano ya Ijumaa. Zile sindano za kupandisha seli nyeupe zinausukuma uboho wa mifupa, yaani kiwanda cha damu, utoe seli haraka, zikiwemo ambazo bado zilikuwa ghalani. Kwa hiyo ile 3.8 ya Jumamosi asubuhi ni namba ya kweli, ila ina msukumo ndani yake. Sindano zikisimama, ndani ya siku moja au mbili zile seli za ulinzi (nyutrofili) huweza kushuka hata kwa nusu. Kwa mtu ambaye uboho wake umeshapona, hilo ni jambo la kupita. Kwa ambaye uboho wake bado unachechemea, anaweza kurudi kwenye namba za hatari akiwa nyumbani, anakunywa uji, anacheka na wajukuu, hana dalili hata moja. Kipimo cha siku ya nne au ya tano baada ya sindano ya mwisho ndicho kinachokuambia uboho unasimama kwa miguu yake au la.

Nenda na cheti cha kuruhusiwa, omba kipimo cha FBP (hesabu kamili ya seli za damu) kile chenye mchanganuo wa seli nyeupe, pamoja na kreatinini na vipimo vya ini. Huna haja ya kurudi hospitali kubwa kwa hilo; hospitali ya wilaya wanaipima, na kituo cha afya chenye mashine ya FBP kinaweza. Kisha irudieni kila wiki mpaka mpate majibu mawili mfululizo yaliyo ya kawaida. Kwenye karatasi tafuta mstari wa nyutrofili. Ikiwa chini ya 1.0, piga simu wodini siku hiyo hiyo. Ikiwa chini ya 0.5, mpeleke, hata kama anasema hajisikii vibaya.

Sasa nije kwenye "sumu imeisha?" Jibu langu ni kwamba kwenye damu imeisha, kwenye mwili bado kidogo.

Kidonge cha methotreksati, kile kilichoandikwa Methotrexate kwenye boksi, hakikai sana kwenye damu. Figo zikiwa nzima, nusu yake huondoka kwa saa chache tu. Lakini kabla ya kuondoka, sehemu huingia ndani ya seli na kufungwa humo, na huko hukaa kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana watu wa baridi yabisi humeza mara moja kwa wiki: dozi moja inatosha kufanya kazi siku saba. Ukimeza kila siku, ya jana haijatoka na ya leo inaongezwa juu yake. Hata kipimo cha kiwango cha dawa kwenye damu, pale kinapopatikana, kinaweza kusomeka karibu na sifuri wakati uboho wa mgonjwa umezimika kabisa. Kipimo hicho kikirudi safi wengi hupumua wakidhani mambo yameisha. Mimi huangalia hesabu ya seli.

Hapa kuna jambo ambalo huwashangaza hata wauguzi. Mtu mwenye figo nzuri akibugia vidonge thelathini vya methotreksati kwa mkupuo mmoja, mara nyingi hudhurika kidogo kuliko mama yako aliyemeza sita sita kwa siku tisa. Utumbo hauwezi kufyonza vyote kwa pamoja, na figo hutoa kilichofyonzwa. Dozi ndogo ya kila siku ndiyo inayopenya. (Aliyebugia naye aende hospitali, nisieleweke vibaya.)

Kazi ya dawa hii ni kufunga mlango ambao seli hupitishia foliki (aina ya vitamini B) ili itumike kutengeneza chembe za urithi. Seli isiyopata foliki haiwezi kugawanyika. Zinazogawanyika haraka ndizo huumia kwanza: ngozi ya ndani ya mdomo, utumbo, nywele, uboho. Ilianza kama dawa ya saratani. Mwaka 1956 madaktari wa Marekani walitangaza kuponya kwayo saratani ya kondo la nyuma iliyokuwa imesambaa. Kwa baridi yabisi dozi ni ndogo sana, miligramu 7.5 hadi 25 kwa wiki, na kwa kipimo hicho ni dawa nzuri mno. Mama alipata 135 ndani ya siku tisa.

Na hapo ndipo ilipo tofauti kati ya sindano za folini alizochomwa na vidonge vya foliki mnavyovijua kutoka kliniki ya wajawazito. Foliki inahitaji kupita kwenye ule mlango uliofungwa. Folini inazungukia mlango wa uani. Kwa hiyo kama kuna mtu amewaambia mumuongezee foliki "ili kusafisha sumu", haitafanya kazi hiyo. Kama mmeandikiwa foliki ya kawaida, endeleeni kama ilivyoandikwa, haina shida.

Maziwa? Akiyapenda ayanywe kama chakula. Hayatoi methotreksati mwilini, wala mkaa hautoi sasa hivi, wala dawa za kuharisha, ambazo zitampotezea maji na kuumiza figo. Juisi ya rozela na matembele pia nimeulizwa mara nyingi. Ni chakula kizuri, ila tatizo la mama halikuwa kukosa malighafi ya damu, kiwanda chenyewe kilikuwa kimefungwa. Malighafi ilikuwepo tele.

Hiyo Hb ya 8.3 msiiogope sana na msiikimbizie dawa za kuongeza damu za madukani. Seli za ulinzi huishi kwenye damu kwa saa tu, chembe sahani siku nane hadi kumi, seli nyekundu siku kama 120. Kiwanda kikifungwa, za maisha mafupi huisha kwanza. Kikifunguliwa nazo huanza kupanda mapema, na Hb hufuata nyuma kabisa. Itachukua wiki kadhaa. Ninachotaka kuona ni kwamba haishuki. Ikishuka chini ya hapo, au mama akahema kwa kutembea tu kutoka chumbani hadi uani, huo ni wito wa kurudi hospitali.

Kitu kitakachowafaa zaidi nyumbani ni themometa. Nunueni ya kidijitali leo, ziko kwenye maduka ya dawa na bei yake si kubwa. Mpimeni asubuhi na jioni, na wakati wowote akisema anasikia baridi. Ikifika 38, nendeni hospitali, iwe saa nane mchana au saa nane usiku. Msimpe panadol kwanza "tuone kama itashuka", maana itashuka, na wadudu watabaki kwenye damu wakiendelea na kazi yao. Msipitie duka la dawa muhimu kununua antibayotiki. Mkifika mapokezi msiseme "ana homa" mkangoja foleni ya malaria, semeni "alizidishiwa methotreksati, seli nyeupe zilishuka hadi 0.9, sasa ana homa", na muweke cheti mezani. Sentensi hiyo inabadilisha kasi ya kila mtu.

Kutoka damu nako kuna ujanja wake. Vitabu husema tafuta vidoa vyekundu vidogo kwenye ngozi. Vitabu hivyo viliandikwa kwa ngozi nyeupe. Kwa mama, mwambie afungue mdomo, umulike kaakaa kwa tochi ya simu, halafu vuta chini kope la chini la jicho, angalia na viganja. Humo ndimo vidoa huonekana. Fizi zinazotoka damu zenyewe, choo cheusi kama lami, au damu ya pua isiyokoma, ni hospitali. Chembe sahani 96 zinatosha kwa maisha ya kila siku, lakini asing'olewe jino wala kuchomwa sindano za misuli mitaani kwa sasa.

Jingine ni kikohozi kikavu na kukosa pumzi. Dawa hii huweza kuvimbisha mapafu, hata wiki kadhaa baada ya kuiacha, na watu huidhania TB au nimonia. Akianza kukohoa kikavu bila makohozi na pumzi ikawa fupi, mpeleke apigwe picha ya kifua, mkiitaja dawa.

Mdomo utapona wenyewe kadiri damu inavyopanda. Asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi, mara nne au tano kwa siku. Mswaki uwe laini, ule wa mti aache kwa muda. Uji upoe kwanza, ndimu na pilipili zisubiri. Utando mweupe ukitokea ulimini ni fangasi, na una dawa yake, muonesheni daktari. Maji ya kunywa yachemshwe, matunda yamenywe, kachumbari ikae pembeni wiki mbili tatu hizi. Wageni wa kumpa pole ni wengi najua, na huwezi kuwafukuza, ila mwenye mafua akae barazani amsalimie kwa mbali.

Diklofenaki: hapana. Na si diklofenaki peke yake, ni familia nzima, ibuprofeni, indomethasini, aspirini ya maumivu, na zile sindano za maumivu zinazochomwa bila kutajwa jina. Figo ndizo njia kuu ya dawa hii kutokea, na kreatinini ya 124 inasema figo za mama bado hazijarudi sawa. Nadhani mlolongo ulikuwa hivi: vidonda vikamzuia kunywa maji, kukosa maji kukazibana figo, figo zikashindwa kuitoa dawa, vidonda vikazidi. Diklofenaki ikiingia leo inaziumiza figo ambazo ndiyo kwanza zinapumua. Apewe maji, lita moja na nusu hadi mbili kwa siku kama hana ugonjwa wa moyo. Maumivu tumieni panadol, lakini pimeni joto kabla ya kila dozi, kwa sababu nimeshaeleza inavyoficha homa.

Kuna dawa nyingine ambayo naiogopa kuliko diklofenaki, nayo inauzwa kama pipi: Septrin, ile antibayotiki. Nayo hushika ule ule mlango wa foliki, na pia huzuia figo kutoa methotreksati. Nimeshaona mgonjwa aliyekuwa akimeza dozi sahihi kabisa ya wiki, akapewa Septrin ya UTI, akaishia kama mama yako. SP ya malaria iko kwenye kundi hilo hilo. Mama akipimwa akakutwa na malaria, atumie dawa mseto. Andikeni kwa kalamu nene juu ya daftari lake la kliniki: ASIPEWE SEPTRIN WALA SP. Mfamasia au nesi akiuliza kwa nini, mtakuwa na la kueleza.

Vidole kuvimba kulitarajiwa. Methotreksati imesimama, na baridi yabisi haikusimama nayo. Wiki zijazo huenda ikapamba moto. Daktari wake anaweza kumpa prednisoloni ya dozi ndogo kuvusha kipindi hiki, ila ni yeye aamue, kwa sababu nayo hupunguza kinga na huficha homa. Msinunue wenyewe, na tahadharini na "dawa za asili za viungo" zinazotuliza maumivu ndani ya saa moja. Nyingine zimechanganywa na prednisoloni au diklofenaki iliyosagwa.

Je, ataitumia tena? Inawezekana, na hili huwa gumu kueleza kwa familia iliyotoka kumwona mgonjwa wao akikaribia kukata roho. Mama hakudhuriwa na dozi ya wiki. Alidhuriwa na dozi ya wiki iliyomezwa kila siku. Hiyo si mzio. Chunguzeni faili na cheti: kama pameandikwa "mzio wa methotreksati", ombeni parekebishwe paandikwe "alizidishiwa dozi kwa makosa". Ni maneno machache, lakini yakibaki yalivyo, mama anafungiwa kwa miaka yote ijayo dawa ambayo kwa baridi yabisi ndiyo ya kwanza kufikiriwa, tena ya bei nafuu.

Hata hivyo si sasa. Mimi ningesubiri damu iwe sawa mara mbili, kreatinini irudi ilikokuwa, mdomo upone kabisa, na mama mwenyewe akubali. Akiigomea ana haki, zipo haidroksiklorokwini na nyinginezo, kila moja na masharti yake. Figo zisiporudi sawa, basi nami ningeiacha. Akianza tena, aanze na dozi ya chini, damu ipimwe baada ya wiki moja au mbili, na foliki iwekwe siku tofauti.

Nasisitiza siku tofauti kwa sababu ya rangi. Fungua boksi uangalie: vidonge vingi vya methotreksati ya 2.5 ni vidogo vya njano. Foliki ya 5 nayo ni kidonge kidogo cha njano. Vikikaa kwenye vibahasha viwili vinavyofanana, macho ya miaka 62 na taa ya jioni havitofautishi. Waingereza huwaambia wagonjwa wao Jumatatu ya methotreksati na Ijumaa ya foliki, kwa vile kwa Kiingereza herufi za mwanzo zinalingana. Kwetu hazilingani, kwa hiyo fungeni siku kwenye jambo ambalo mama halisahau. Kama ni mtu wa ibada, Jumapili akitoka kanisani, au Ijumaa baada ya sala. Mfamasia aandike jina la siku yenyewe kwenye kibahasha. Msipokee zaidi ya vidonge vya wiki nne, yaani kwa dozi ile ya zamani ni 24 tu, na msikubali vya miligramu 10 kuchanganywa na vya 2.5 hata wakiwaambia "ni dawa ile ile".

Wifi yako asihofu kukaa na mama, kumkumbatia, kumpikia, kula naye. Dozi ya mwisho imepita wiki mbili, hakuna cha kumwambukiza. Asichotakiwa kufanya ni kushika vidonge vilivyobaki, na kamwe asivisage. Dawa hii huharibu mimba. Hivyo vidonge visitupwe chooni wala jalalani, virudisheni kwenye famasi ya hospitali.

Umesema wewe ndiye uliyekuwa unahesabu. Nimelisoma hilo mara mbili. Ulihesabu sita kwa sababu kibahasha kilisema sita, na ukampa kila siku kwa sababu nchi nzima hii inasoma hivyo. Aliyewahi kuugua malaria anajua kwamba "1 x 3" ni kimoja mara tatu kwa siku. Neno "siku" haliandikwi kwa sababu kila mtu anajua lipo. Sasa mtu anachukua dawa ya wiki, anaiandika kwa lugha ya dawa za siku, anakukabidhi dirishani foleni ikiwa imefika mlangoni. Kosa hili ni la dunia nzima. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Ulaya ililazimika kuweka masharti mapya juu ya uandikaji wa methotreksati, na huko kila boksi lina karatasi ya maelezo ndani. Ninyi mlikuwa na kibahasha chenye tarakimu mbili.

Hicho kibahasha usikitupe. Kipige picha pande zote mbili, na Jumanne ukienda na mama kupima damu, kibebe. Muombe mfamasia wa zamu akujazie taarifa ya kwenda TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, ambao hupokea taarifa za madhara ya dawa, na mwambie unataka kibahasha chenyewe kifike kwa mkuu wa famasi ya ile kliniki. Huendi kumfukuzisha mtu kazi. Kuna wagonjwa wengine walioandikiwa methotreksati kwenye dirisha lile lile mwezi huu, na mtu anapaswa kuwapigia simu kuwauliza wanameza siku gani.